Kabla ya Kalamu Nyekundu

Sentensi kama hii haikosekani katika daftari la Kiswahili la darasa la tano, uwe Kibondo au Kilwa:

"Jana tuli enda kwa bibi kwasababu ali kuwa ana umwa tuka mkuta ame kaa nje ana kula wari na samaki."

Mwalimu mwenye madaftari 80 mezani, na kengele ya kipindi kingine iko karibu kulia, hana nafasi ya kutafakari. Anazungushia duara jekundu mara nane, anaandika 3/10, na chini yake, "Zingatia tahajia." Daftari linarudi kwa mwenyewe. Mtoto anahesabu maduara, anafunga daftari, na wiki inayofuata anaandika "tuli enda" vilevile, maana hakuna alichoambiwa kuhusu "tuli enda" isipokuwa kwamba haitakiwi.

Maduara hayo manane si makosa manane. Sita ni kosa moja lililorudiwa: kitenzi kimekatwa vipande. La saba ni kinyume chake: maneno mawili yameunganishwa kuwa moja. La nane ni la sauti, "wari" badala ya "wali". Mtoto huyu hana tatizo la tahajia kwa jumla. Anahitaji masomo mawili, moja la mipaka ya maneno na jingine la kusikia r na l, na yote mawili yanafundishika. Katika Kiswahili kosa la tahajia karibu kila mara lina sababu yake, na sababu hiyo inaonekana katika kosa lenyewe. Anayeijua hufundisha wiki mbili akaona mabadiliko. Asiyeijua husahihisha mwaka mzima na maduara hayapungui.

Nafuu hii hawanayo wote. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wanaoanza kusoma katika Kiingereza na lugha nyingine 12 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto wa Finland na Ugiriki walikuwa wanasoma maneno ya kawaida karibu bila kosa. Waliokuwa wakijifunza Kiingereza, huko Scotland, walipata takriban theluthi moja tu. Watoto hawakutofautiana akili. Kifini kina herufi moja kwa sauti moja, Kiingereza hakina. Kiswahili kiko upande wa Kifini: irabu tano, kila moja na sauti yake popote ilipo.

Kwetu, urahisi huo umezaa uzembe. Tanzania ilianza mwaka 2015 kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mtoto akishavuka darasa la pili huhesabiwa kuwa ameshajua kuandika. Tahajia inatoka kwenye ratiba na kuhamia kwenye kalamu nyekundu. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa.

Kinavyotamkwa na nani? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Tangu hapo mtoto anayeandika kama anavyotamka anapata vema akiwa amezaliwa Ng'ambo ya Unguja, na anapata duara akiwa amezaliwa Magu au Nyeri. Wote wawili wametii kanuni ileile.

Kwa hiyo mwalimu wa darasa la nne hadi la saba hana budi kujua kidogo kuhusu lugha za nyumbani za wanafunzi wake. Si lazima azizungumze. Kisukuma kina l na hakina r; Kikuyu kina r na hakina l. Watoto wa pande zote mbili watachanganya herufi hizo, kila mmoja kwa njia yake. Kikuyu pia hakina b au d isiyotanguliwa na sauti ya pua, ndiyo maana "baba" anageuka "mbaba" na "dada" anageuka "ndada". Mjaluo ambaye lugha yake haina sh ataandika "sule" akimaanisha shule. Mkalenjin atachanganya k na g, t na d, p na b, kwa sababu kwao jozi hizo hazitenganishi maana. Anayetoka kwenye lugha ambayo kila konsonanti hufuatwa na irabu ataandika "mutoto", "dakitari" na "labuda". Yote haya yanatabirika. Mwalimu anaweza kuorodhesha makosa ya muhula mzima kabla hajafungua daftari hata moja.

Mafunzo ya sauti huanzia sikioni. Mtoto asiyesikia tofauti ya r na l hataiandika, hata ukimwandikisha "wali" mara mia ubaoni. Chagua jozi ambazo herufi hiyo moja inabadili maana: kura na kula, kalamu na karamu, mahali na mahari. Mwalimu aelekee ubaoni ili watoto wasisome midomo yake, atamke neno moja, na wao wainue mkono wa kulia wakisikia r, wa kushoto wakisikia l. Dakika tano zinatosha. Wakishayasikia, wayatamke wao, mmoja akitamka na jirani yake akiinua mkono. Kuandika kunakuja mwisho. Zoezi hili halihitaji kitabu wala senti.

Kuna ugumu ambao watu hawapendi kuutaja: mara nyingi mwalimu mwenyewe ametoka eneo lilelile na ulimi wake unachanganya sauti zilezile. Akisoma imla na kutamka "wari", mtoto anayeandika "wari" amefanya kazi yake vizuri. Hakuna aibu katika hilo. Njia ni kutafuta sauti nyingine: taarifa ya habari ya redioni iliyorekodiwa kwenye simu, mwalimu mwenzako aliyekulia pwani, au mwanafunzi aliyehamia juzi kutoka Tanga.

Ziko sauti ambazo sikio halitasaidia sana, na hapo ndipo jicho linapochukua kazi. Dh, th na gh zimekuja kwa wingi pamoja na maneno ya Kiarabu, na watoto wengi wa bara hawazisikii nyumbani kabisa. Kwao "dhambi" na "zawadi" huanza na sauti moja. Kuwasubiri mpaka watamke vizuri ndipo waandike vizuri ni kuwaonea. Maneno haya yana mwisho, na yale ambayo mtoto wa darasa la sita anayatumia hayafiki mamia mengi: dhahabu, dharau, dhoruba, baadhi, thelathini, methali, hadithi, ghali, ghafla, ghorofa, lugha. Watoto wenyewe wayakusanye kutoka wanayosoma na kuyabandika ukutani chini ya herufi zake. Thamani iwekwe karibu na samani, moja ni bei na nyingine ni kiti na kabati, ili waone kinachotokea herufi ikikosewa. Mwishoni mwa muhula ukuta umejaa, na mtoto aliyepanda kwenye dawati kubandika "ghorofa" hasahau "ghorofa".

H ina vurugu yake, na hiyo haichagui bara wala pwani. Tunasoma "hasubuhi" na "abari" kwenye ujumbe wa simu za watu wazima. Lakini palipo na ukanushi, h inabeba maana nzima ya sentensi. "Hana pesa" na "ana pesa" ni watu wawili tofauti, na anayekukopesha angependa kujua wewe ni yupi. Anza na h ya ukanushi kabla ya h nyingine zote.

Sasa tuje kwenye maduara yale sita. Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu kukata vitenzi ndilo kosa linalojaa kuliko yote katika madaftari ya madarasa ya kati, na ndilo linalofundishwa vibaya kuliko yote. Kwa kawaida mtoto huambiwa "unganisha." Aunganishe nini na nini? Akishika amri hiyo ataunganisha pia "kwasababu" na "kwahiyo", na hivyo ndivyo "kwasababu" ilivyozaliwa.

Mtoto anayeandika "ana umwa" ameona jambo la kweli. Ameona kwamba "ana" ni neno: ana kitabu, ana njaa, ana dada wawili. Ameona kwamba "na" ni neno katika "mimi na wewe", na "ni" ni neno katika "huyu ni mwalimu". Sasa anazisikia sauti hizohizo ndani ya "anaumwa" na "ninasoma" na kuziandika kama alivyozizoea. Hii ni akili inayofanya kazi, na inastahili kupewa kipimo cha kutenganisha kilicho neno na kilicho kipande cha neno.

Kipimo ninachokiamini kuliko vingine ni kukanusha. Andika ubaoni: "Ana kitabu." Waambie wakanushe. Watasema, "Hana kitabu." Kitabu kimebaki kama kilivyokuwa, kilichobadilika ni neno la mwanzo tu, kwa hiyo hapa kuna maneno mawili. Andika chini yake: "Ana umwa." Waulize: kama haya nayo ni mawili, ukikanusha utapata "hana umwa". Kuna anayesema hivyo? Darasa zima litapiga kelele, "Haumwi!" Na hapo neno limebadilika mwanzo na mwisho kwa pamoja, kwa kuwa ni kitu kimoja. Anaumwa, haumwi. Tulienda, hatukuenda. Amekaa, hajakaa. Anakula, hali. Ninasoma, sisomi. Huyu ni mwalimu, huyu si mwalimu. Mwalimu yuko palepale.

Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kujipima hivyo peke yake, kimya, katikati ya mtihani. Hahitaji kujua istilahi ya kiambishi wala njeo, ingawa ukimfundisha baadaye atazielewa haraka, kwa kuwa atakuwa ameshaziona zikifanya kazi. Sarufi inayofundishwa kama orodha ya majina ya kukariri imewachosha watoto wengi. Sarufi inayomwezesha mtu kuamua aache nafasi wapi huwa na maana kwake siku hiyohiyo.

Kwa upande wa "kwasababu", kipimo ni kuuliza kama kila kipande kinaweza kusimama kwingine. Sababu ni nini? Sababu nyingi. Sababu yake. Basi sababu ni neno kamili, na "kwa" ikae kando. Vivyo hivyo "kwa hiyo", "kwa kuwa", "hata hivyo". "Ilikuwa" na "ili kuwa" zinahitaji somo lake: mvua ilikuwa kubwa, haikuwa kubwa, lakini katika "alisoma sana ili kuwa daktari" unaweza kuchomeka neno, "ili hatimaye kuwa daktari", na sentensi isidhurike. Jaribu kuchomeka "hatimaye" katikati ya "ilikuwa" uone.

Baada ya hayo ndipo imla ina faida. Imla nyingi ni orodha ya maneno 10 magumu yasiyohusiana, yanayosomwa Ijumaa na kusahihishwa Jumatatu, wakati mtoto ameshasahau alifikiri nini. Imla inayofundisha ni sentensi mbili kila siku, zenye kosa linaloshughulikiwa wiki hiyo, na jibu linaandikwa ubaoni papo hapo. Mtoto analinganisha mwenyewe, anapiga mstari chini ya alipokosea na kuandika upya neno hilo tu. Mwalimu hakusanyi madaftari. Alama hazitolewi.

Kamusi nayo iingie darasani mapema, lakini ifundishwe inavyotumika. Tangu *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ichapishwe mwaka 1981 shule nyingi zimekuwa na nakala moja au mbili, mara nyingi zikiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Mtoto akiachiwa peke yake anatafuta "walisahihishiwa" chini ya W, halipati, na anaamini kamusi haina neno hilo. Inabidi aonyeshwe kuvua: wa, li, kisha mwisho wake, mpaka abaki na "sahihisha", na chanzo chake "sahihi". Kuvua huko ni somo lilelile la mipaka ya neno, kwa mlango mwingine.

Mpaka hapa nimesema habari za herufi. Rudia sasa kusoma sentensi ya mwanzo kama msomaji. Bibi anaumwa. Wajukuu wanakwenda kumwona. Wanamkuta nje, anakula wali na samaki. Hapo kuna kisa! Mtu aliyesemekana mgonjwa anakula samaki barazani. Kati ya maduara manane hakuna hata moja lililoligusa hilo.

Insha katika shule zetu imeumia kwa namna mbili. Kenya, katika mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, mtoto aliandika insha ya Kiswahili kwa dakika 40 kutafuta alama 40, na kwa kuwa alama zilitafutwa katika msamiati na tamathali, shule zikafundisha mapambo. Watoto walikariri jua lililochomoza mashariki, ndege walioimba nyimbo tamu matawini, na mhusika aliyerauka alfajiri na kutoka shoti, hata kama kichwa cha insha kilikuwa ni umuhimu wa maji. KCPE ya mwisho ilifanyika mwaka 2023, lakini vitabu vya misemo ya kukariri bado vinauzwa. Tanzania ilielekea upande mwingine: kwa miaka mingi mtihani wa darasa la saba umekuwa, kwa sehemu kubwa, wa kuchagua herufi ya jibu sahihi. Kisichotahiniwa hakifundishwi. Mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi na alama nzuri ya Kiswahili akiwa hajawahi kuandika ukurasa mmoja wa mawazo yake mwenyewe na kuupata umesomwa.

Kati ya hali hizi mbili, hii ya pili inaniuma zaidi. Mapambo yanaweza kupunguzwa baadaye. Ukurasa usioandikwa hauna cha kupunguza. Na lugha yenyewe ina urithi wa insha usiohitaji kuazima: Shaaban Robert alichapisha *Kielezo cha Insha* mwaka 1954, kitabu kizima cha mifano kwa anayejifunza kuandika, na mwalimu anayekisoma atakuta mwandishi aliyepima maneno yake.

Njia ya kumtoa mtoto kwenye misemo ya kukariri ni kumuuliza swali kuhusu alichoandika, kabla hujagusa tahajia. Mtafiti wa Marekani Donald Graves, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu walimu na watoto wanaoandika, alisisitiza mazungumzo mafupi kati ya mwalimu na mtoto wakati kazi bado haijakamilika. Mazungumzo hayo hayahitaji utaalamu. Kwa sentensi yetu yangekuwa hivi:

"Mwanangu, umesema bibi alikuwa anaumwa. Mbona mlimkuta anakula samaki?"

"Mwalimu, alijua tunakuja. Alisema tukimkuta anakula hatutampeleka hospitali."

"Hilo mbona hukuliandika?"

Kimya kidogo. "Sikujua kama linaandikwa."

Mtoto akirudi kwenye dawati anaandika mistari minane zaidi, na hakuna ndege anayeimba ndani yake. Ataikosea tahajia ya baadhi ya maneno mapya, na aachwe kwanza. Anayeogopa duara huandika maneno anayoyajua tu. Ataandika "nzuri" mara sita kuliko kuthubutu "inapendeza". Rasimu ya kwanza ni ya kusema. Ya pili, kesho yake, ni ya kutazama maneno: hapo ndipo mtoto anapita na penseli akipima vitenzi kwa kukanusha na kutazama ukuta wa dh na gh. Mwalimu anasahihisha kosa la aina moja tu katika insha moja, lile linalofundishwa wiki hiyo, na mwanafunzi anaambiwa hivyo waziwazi ili asidhani mengine yamekubaliwa.

Na wale 80? Madaftari 16 kwa siku, siku tano, yanatimia. Mazungumzo ya dakika mbili kwa watoto watano au sita kila kipindi, wengine wakiandika. Waliobaki wasomeane wawili wawili kwa sauti. Mtoto anayesoma kazi yake mbele ya mwenzake husikia neno lililorukwa, na mwenzake huuliza maswali yaleyale ambayo mwalimu angeuliza. Mwezi ukiisha kila mmoja ameongea na mwalimu walau mara moja kuhusu alichotaka kusema.

Kinachobaki ni msomaji. Insha inayosomwa na mwalimu peke yake, kwa ajili ya alama, haimpi mtoto sababu ya kuhangaika na h au gh. Barua kwa mwenyekiti wa kijiji kuhusu kisima kilichoharibika inampa. Maelezo ya jinsi mama anavyopika mseto, yaliyobandikwa nje ya darasa la pili ili wadogo wayasome, yanampa. Siku ya kuandika nakala ya mwisho ya barua ya namna hiyo darasa hubadilika. Watoto hupanga foleni mbele ya kamusi moja ya shule, wanabishana kama "hatuchoti" inaandikwa hivyo au kwa maneno mawili, na mwalimu anaulizwa mambo ya tahajia ambayo miezi mitatu iliyopita alikuwa akiyasema bila kusikilizwa.